Chombo Kingojapo Msimu Bandarini



Katika somo letu la leo tutaangalia kazi ambayo wengi wetu tukaao pwani huiona kila mwaka tusiitie maanani: kutunza jahazi au mashua ikiwa bandarini, ikingoja hali njema ya bahari. Twajua kwamba kaskazi huvuma tangu Desemba hivi mpaka Machi. Kusi huanza Aprili, ikazidi nguvu kati ya Juni na Agosti, na hapo vyombo vidogo vingi hungoja. Mpita njia huona chombo kimelala. Lakini mawimbi, mvua, jua na wadudu havilali, na nahodha asiyelijua hilo atapata chombo kibovu siku upepo utakapotulia.

Kwanza, nanga. Kamba ya nanga yapasa iwe ndefu, ili mvuto wake ulale karibu na chini na kucha za nanga zishike mchanga. Mabaharia wengi hutoa kamba mara 5 ya kina cha maji, au zaidi upepo ukiwa mkali. Hapa tufanye hesabu. Tuseme maji yakipwa kina ni mita 2. Mtu akipima saa hiyo, atatoa mita 10. Lakini katika bandari zetu nyingi maji ya bamvua huweza kupanda karibu mita 4. Baada ya saa 6 kina kitakuwa mita 6, na kamba ile ya mita 10 itasimama, ikainue nanga. Kipimo cha haki ni mita 6 mara 5, yaani mita 30. Basi tupime kwa maji makuu, tena tuache nafasi ya chombo kuzunguka bila kugonga jirani. Kamba ipitapo omoni ifungwe gunia, maana hulika pale pale kila siku.

Pili, maji ya ngama. Maji ya mvua hudhuru mbao kuliko maji ya chumvi, kwa kuwa yakituama huleta uozo kwenye mataruma na mkuku. Wakati wa masika maji yafuliwe kila siku, hata kama ni ndoo moja tu. Jua nalo hukausha mbao na kufungua maungo yake. Ndiyo sababu wenye vyombo hufunika kwa makuti na kumwagia mbao maji ya bahari.

Tatu, ubavu ulio chini ya maji. Wako wadudu wa baharini waingiao katika mbao wakiwa wadogo mno, kisha wakakua humo ndani. Nje huonekana kitundu kama cha sindano, na ndani ubao umekwisha. Kwa hiyo chombo hupwelezwa wakati wa bamvua na kutiwa magadi kisianguke. Hukwanguliwa, na wazee wetu walikipitishia moto wa makuti kwa uangalifu. Kisha maungo yaliyolegea hutiwa kalafati ya pamba yenye mafuta, ikapigwa kwa chembeu na nyundo. Mwisho hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, au rangi ya siku hizi ya kuzuia wadudu.

Nne, tanga na kamba. Tanga la pamba likikunjwa bichi huota ukungu na kuoza. Basi lianikwe kabla ya kuwekwa. Dasi na mishono ikaguliwe shubiri kwa shubiri. Kamba za nailoni hazivundi, lakini jua huzila. Henza ikaguliwe kuliko zote, kwa kuwa ndiyo ibebayo foromali juu ya vichwa vya watu.

Tano, kuamua siku ya kutoka. Hapa ndipo penye hatari, maana nyumbani unga umekwisha na mwenye mali anauliza kila asubuhi. Tusome Matendo ya Mitume sura ya 27. Chombo cha Paulo kilifika Bandari Nzuri, Krete, wakati wa safari umekwisha kupita. Paulo aliwaonya, lakini akida alimsikiliza nahodha na mwenye chombo. Tusiwahesabu kuwa wajinga: bandari ile kweli haikufaa kukaa wakati wa baridi. Kosa lao ni kwamba upepo mwanana wa siku moja waliuona kuwa ndiyo hali njema yenyewe. Watu wote 276 waliokoka. Chombo na shehena vilipotea. Kisha huko Malta walikaa miezi 3, kabla ya kuondoka kwa chombo kingine.

Sisi leo tunayo matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tuyasikilize siku kadhaa mfululizo, tuyalinganishe na mawingu na mawimbi tuyaonayo, ndipo tutweke tanga. Tena mwenye mali asimsukume nahodha. Aliyebaki nchi kavu hupoteza siku. Aliye baharini aweza kupoteza watu.

Maswali ya kuzungumza:

1. Maji yakipwa kina ni mita 3, nayo hupanda mita 3. Tutoe kamba kiasi gani?

2. Kwa nini maji ya mvua yasiachwe ngamani?

3. Jirani yetu baharia akingoja bila kipato, sisi tuliobaki nchi kavu tumsaidieje ili njaa isimtoe kabla ya wakati?