Kifaa cha kugundua rada: tupige hesabu kabla hujanunua

Madereva wa Riyadh na Jeddah hutuuliza sana kuhusu vile vidude vya kubandika kwenye kioo cha mbele, vinavyolia ukikaribia rada. Si bora ununue kimoja kuliko kulipa faini za Saher kila mwezi? Leo tukiangalie kwa upande wa mfuko.

Saudia kifaa hiki ni marufuku. Ukisimamishwa na Muruur kikaonekana, hilo ni kosa peke yake, hata kama ulikuwa unatembea 60. Kuagiza mtandaoni nako ni kamari, maana mzigo unapita forodha. Na kama gari ni la kafili, basi umeweka kitu haramu ndani ya mali ya mtu mwingine. Hapo ndugu yangu mazungumzo hayaishii kwa trafiki.

Tena hakikusaidii kivile. Kule nyumbani tumezoea askari mmoja na tochi yake kichakani, na madereva wanawashiana taa kuambiana. Saher, iliyoanza Riyadh mwaka 2010, si tochi moja. Kifaa chako kinanusa mawimbi ya rada tu. Kamera inayopima mwendo wa wastani kati ya nukta mbili haina cha kunusa: inasoma namba ya gari unapoingia na unapotoka, halafu inagawanya umbali kwa muda. Kamera ya taa nyekundu, ya mkanda na ya simu mkononi, hizo zote kifaa hakizijui. Ikiwa ni leza, kikilia ujue umeshapimwa.

Sasa pesa. Barabara ya 120 au chini yake, ukizidisha zaidi ya kilomita 10 hadi 20, faini ni riyali 150 hadi 300. Zaidi ya 20 hadi 30, ni 300 hadi 500. Ukivuka kwa zaidi ya 50, unaingia 1,500 hadi 2,000. Taa nyekundu ni 3,000 hadi 6,000. Tuseme mshahara ni 2,000 na unatuma nyumbani 1,400. Faini mbili ndogo za 150 ni riyali 300, yaani zaidi ya shilingi 10,000 za Kenya kwa kiwango cha 34. Hiyo ni karo au ni mabati, wewe ndiye unajua.

Na unakimbilia nini? Riyadh hadi Jeddah ni kama kilomita 950. Ukienda 130 badala ya 120 safari nzima, unaokoa dakika 36 hivi. Baadhi ya sehemu, kwa mfano njia ya Riyadh kwenda Taif, zimeruhusiwa 140 tangu 2018, kwa hiyo soma kibao, usikisie. Simu nayo inaweza kuonyesha spidi yako kwenye ramani, bure kabisa. Iweke kwenye kishikio kabla hujaondoka, maana ukiishika mkononi faini ni 500 hadi 900.

Kitu ambacho wengi wanakipuuza ni faini imeandikwa kwa jina la nani. Saher inaanza na mwenye gari. Anaweza kukusajili kwenye Absher kama mtumiaji halisi, na hapo faini zako zinakuja kwako moja kwa moja. Madereva wa nyumbani wengine wanaogopa jambo hili, sisi tunaona ni kinga. Bila hiyo, kafili anakuja na jumla mwisho wa mwezi na huna njia ya kujua zipi ni zako na zipi ni za kijana wake aliyechukua gari Alhamisi usiku. Ukiwa nayo unaona tarehe, saa na mahali, na kama si wewe, unapinga kupitia Absher ndani ya siku 30.

Kama ni yako, lipa mapema kwa SADAD kupitia benki yako. Tangu Aprili 2024 kuna punguzo la asilimia 25 kwa faini moja moja zinazostahili, hivyo 300 inakuwa 225. Ukiziacha zirundikane zitakungoja kwenye ikama au viza ya kwenda likizo, wakati tiketi umeshakata. Kwa hiyo fungua Absher leo, kabla hujatuma pesa za mwezi huu.