Kemia ya Muhogo Mchungu: Sababu ya Kila Hatua ya Jikoni

Muhogo ni nguzo ya chakula katika kaya nyingi za pwani. Huko Mkange, kaskazini mwa Bagamoyo na jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kama ilivyo katika vijiji vingine vya ukanda huo, mizizi yake huchemshwa, huungwa kwa nazi au hukaushwa ikawa makopa ya kusaga unga, na majani yake hutwangwa yakawa kisamvu. Mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita anayesoma kemia ya kaboni anao hapo mfano kamili wa somo lake. Mgonjwa na mhudumu wa afya nao wanauhitaji mfano huo, kwa kuwa hatua moja ya mapishi ikirukwa mtu anaweza kufa, au mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kutembea maisha yake yote.

Molekuli yenye sehemu mbili

Muhogo hujilinda dhidi ya wadudu na wanyama kwa kampaundi iitwayo linamarini, ambayo fomula yake ni C10H17NO6. Molekuli hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni glukosi, sukari ya kawaida. Ya pili ni kipande kidogo chenye kundi la nitrili, yaani atomu ya kaboni iliyoshikamana na atomu ya nitrojeni kwa vifungo vitatu. Atomu moja ya oksijeni huziunganisha sehemu hizo mbili. Muungano huo ukiwa mzima, sumu imefungwa ndani yake.

Linamarini huhifadhiwa katika kifuko kilichomo ndani ya seli ya mmea. Kimeng'enya kinachoweza kuivunja, linamarasi, hukaa katika ukuta wa seli. Viwili hivyo havikutani mpaka seli ipasuke kwa kutafunwa, kukwanguliwa, kutwangwa au kuoza.

Mmenyuko wa hatua mbili

Seli ikipasuka, linamarasi hutumia molekuli moja ya maji kukata kifungo kinachoishikilia glukosi:

C10H17NO6 + H2O → C6H12O6 + C4H7NO

Zao la pili, C4H7NO, ni sianohidrini ya asetoni. Nalo huvunjika likatoa asetoni na haidrojeni sianidi:

C4H7NO → C3H6O + HCN

Haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho hali ya hewa ya pwani hukifikia siku nyingi za mwaka. Kwa hiyo ikishaachiliwa, huruka hewani kwa urahisi. Kazi yote ya mpishi ni kuhakikisha kwamba inaachiliwa na kuruka kabla chakula hakijafika kinywani.

Kemia ya mapishi

Kisamvu ni mfano mzuri. Majani ya muhogo yana linamarini nyingi, lakini kinu huyaponda seli kwa seli, kimeng'enya kikafanya kazi yake, na uchemshaji mrefu katika sufuria iliyo wazi huifukuza sianidi. Utaratibu ni kuponda kwanza, kisha kupika.

Mzizi mchungu uliochemshwa ukiwa vipande vikubwa hupitia njia iliyo kinyume. Moto hukiharibu kimeng'enya mapema, ilhali linamarini yenyewe hustahimili maji yanayochemka. Sehemu yake huyeyukia majini, na iliyobaki huliwa. Ndiyo maana muhogo wa kuchemsha unapaswa kuwa wa aina tamu, uliomenywa, ukakatwa vipande vidogo na kupikwa kwa maji mengi ambayo humwagwa.

Kwa muhogo mchungu, kuloweka kwa siku 3 hadi 5 hulainisha mzizi na kupasua seli zake. Hata hivyo, uchachu unaojitokeza huifanya sianohidrini idumu bila kuvunjika. Kukausha juani baada ya kuloweka huimalizia kazi hiyo. Mizizi mizima inayokaushwa tu bila kulowekwa hupoteza maji kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi, na makopa yake hubaki na linamarini nyingi. Ukame huongeza hatari, kwani mmea uliokosa mvua hutengeneza linamarini zaidi, na wakati huohuo njaa huwasukuma watu kufupisha siku za kuloweka.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu miligramu 10 za haidrojeni sianidi kwa kila kilo ya unga wa muhogo. Unga unaotiliwa shaka unaweza kupunguzwa sumu kwa njia iliyobuniwa na mwanakemia Howard Bradbury wa Australia. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa unene usiozidi sentimita 1, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha ugali hupikwa siku hiyohiyo. Maji hukirudishia nguvu kimeng'enya kilichosalia katika unga.

Sumu ndani ya mwili

Sianidi hukizuia kimeng'enya cha seli kinachotumia oksijeni. Damu huwa na oksijeni, lakini seli hushindwa kuitumia. Mgonjwa huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, hutapika, hupumua haraka, na katika hali kali hupoteza fahamu. Mwezi Septemba 2017, wilayani Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua na 2 kati yao wakafariki baada ya kula ugali wa unga wa muhogo.

Dozi ndogo hugeuzwa na mwili kuwa thiosianati, ambayo hutoka kwa mkojo. Kazi hiyo inahitaji salfa inayotokana na protini za dagaa, samaki, mayai na kunde. Anayekula muhogo mchungu mfululizo bila kitoweo hukosa kinga hiyo, na yumo hatarini kupata konzo. Ugonjwa huo ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango nchini Kongo, na jina lake katika Kiyaka lina maana ya miguu iliyofungwa. Ulizuka Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime mkoani Mara mwaka 1985, nyakati za ukame. Watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa ndio huathirika zaidi. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na ulemavu huo haupungui kabisa wala hauendelei kuongezeka.

Kwa mhudumu wa afya

Watu kadhaa wa kaya moja wakitapika na kuishiwa nguvu saa chache baada ya mlo, ulizia muhogo: ni wa aina gani, ulilowekwa siku ngapi, unga ulinunuliwa wapi, na nani mwingine alikula. Mpe mgonjwa oksijeni, mpeleke haraka mahali penye haidroksokobalamini au thiosalfati ya sodiamu, na uhifadhi sampuli ya unga. Mtu aliyekuwa mzima akikakamaa miguu yote miwili katika muda usiozidi wiki 1, huku refleksi za magoti au vifundo zikiwa kali, fikiria konzo baada ya kuhakikisha hana ugonjwa wa uti wa mgongo. Hakuna dawa ya kuirudisha miguu katika hali ya awali, lakini mazoezi ya viungo na magongo humsaidia kutembea. Ndugu zake wanaokula chungu kimoja naye washauriwe siku hiyohiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kutwanga kisamvu hutangulia kupika?
2. Makopa yaliyokaushwa bila kulowekwa yana hatari gani?
3. Kipande cha dagaa kinamsaidiaje mlaji wa muhogo?