Makopo ya Oili Yanayovuja katika Karakana za Nyumbani Mjini Babati

Mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2002, si nyumba chache zenye kibanda au pembe ya ua inayotumika kutengenezea baiskeli, pikipiki, cherehani au pampu ya maji. Humo hapakosi kopo la oili, na mara nyingi hapakosi doa jeusi chini yake. Mwenye nyumba hulizoea doa hilo kama alivyozoea kutu ya bati.

Hesabu yake, hata hivyo, si ndogo. Kopo linalodondosha tone 1 kila dakika hudondosha matone 1,440 kwa siku. Matone 30 yakikadiriwa kuwa mililita 1, hasara hiyo hupita lita 1 kwa mwezi.

Kabla ya kutengeneza chochote, inapasa kujua oili inapitia wapi. Kopo lipanguswe mpaka likauke, lipakwe unga wa chaki au jivu laini, kisha lisimamishwe juu ya gazeti usiku mzima. Asubuhi unga utakuwa umelowa pale penye ufa, na mfuo wa oili utaonyesha njia yake kutoka juu kwenda chini. Watu wengi hutazama kitako kwa sababu ndiko tone linakoonekana, ilhali ufa uko kwenye mshono wa ubavuni au shingoni.

Ikiwa unga umebaki mkavu kila mahali isipokuwa kwenye mdomo wa mrija, basi kopo halina tundu, na kosa ni la joto. Katika makopo yenye mpini wa kubonyeza, mrija hufika karibu na kitako. Hewa iliyo juu ya oili ikipata joto hutanuka, na ikiwa kifuniko kimebana, huisukuma oili kupanda mrijani hadi nje. Babati ina asubuhi za baridi, na kibanda cha bati hupata moto mkali adhuhuri. Hewa ikitoka nyuzi 15 za Selsiasi kufika 35, hutanuka kwa takriban asilimia 7. Kopo la nusu lita lililojaa nusu laweza hivyo kutoa mililita 17. Ndiyo maana kopo lenye oili kidogo huchafua meza kuliko lililojaa, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa uchawi wa kopo kuukuu. Dawa yake ni kuliweka kivulini na kulegeza kifuniko kidogo kila baada ya kazi.

Kifuniko kinachovuja huhitaji washa mpya. Desturi ya kukata washa katika mpira wa ndani wa baiskeli haifai kwa kazi hii, kwani mpira huo ukikaa ndani ya oili hufura, hulainika na kuharibika. Ngozi ngumu au koki hudumu zaidi. Ufa mdogo kwenye bati waweza kuzibwa kwa muda kwa kusugua kipande cha sabuni ya kufulia, mbinu wanayoijua madereva wa safari ndefu. Hiyo ni ya kufikia kwa fundi bati tu, si ya mwezi mzima.

Kulehemu kunahitaji hadhari. Kopo lililowahi kuwa na petroli au oili, hata likionekana tupu, hubaki na mvuke unaoweza kulipuka likikaribishwa moto. Lazima lioshwe kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, kisha lijazwe maji hadi karibu na mahali panapotengenezwa, na kifuniko kiachwe wazi. Asiye na uzoefu ampelekee fundi na amweleze wazi kopo lilikuwa na nini. Madumu ya plastiki yaliyopasuka kwa kuchomwa na jua hayashiki gundi vizuri; hayo yaachwe.

Oili iliyookolewa isihamishiwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi.

Kuhusu sakafu, mchanga, maranda ya mbao au jivu humwagwa juu ya oili, huachwa iinywe, kisha hufagiliwa na kuwekwa ndani ya debe lenye kifuniko. Kuosha kwa maji kuelekea mfereji ni kuihamisha tu. Ziwa Babati, lenye viboko na wavuvi wake, liko ubavuni mwa mji, na maji ya mvua hufuata mteremko. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani hukadiria kwamba oili chafu ya galoni 1 yaweza kuchafua galoni milioni 1 za maji safi. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kumwaga oili katika maji, wala haibagui gereji kubwa na ua wa nyumba.

Oili chafu ihifadhiwe katika dumu zima lililoandikwa jina lake, mbali na kisima na jiko, hadi ipelekwe kwa gereji inayoikusanya. Chini ya makopo yanayotumika kila siku itoshe sinia kuukuu la bati lenye mchanga, unaobadilishwa ukianza kung'aa.