Jumapili Bila Kundi: Mafunzo Niliyopata Etobicoke

Mama yangu aliingia katika kundi la dini akiwa msichana kule Voi. Akanizaa humo, nikaolewa humo na kijana aliyependekezwa na wazee, na tulipohamia Kanada ndugu wa kundi ndio waliotupokea uwanja wa ndege. Jina la kundi silitaji kwa sababu mama na ndugu zangu wangali humo. Waliolelewa katika makundi ya aina hiyo watalitambua bila kuambiwa: hakuna Krismasi wala siku ya kuzaliwa, televisheni haikai nyumbani, mwanamke havai suruali, na anayetoka hasalimiwi.

Mimi na baba watoto tulitoka pamoja, tukiwa na watoto watatu, katika fleti karibu na Kipling Avenue, Etobicoke, upande wa magharibi wa Toronto ambako ndege za uwanja wa Pearson hupita juu ya paa usiku na mchana. Watu hupenda kuniuliza kwa nini tulitoka. Sababu zilikuwa za kawaida, na zikishatajwa zinaisha. Ambalo halijaisha ni kuishi nyumba moja kama mume, mke na watoto wakati hakuna tena mtu wa nje anayetuamulia.

1. Jumapili ni ndefu

Juma letu lilikuwa limejaa: Jumanne mafundisho, Alhamisi maombi, Jumamosi kuhubiri, Jumapili ibada tangu asubuhi hadi jua kuzama. Ratiba hiyo ilipokatika hatukuwa na nyingine. Jumapili za mwanzo watoto waliamka, wakavaa nguo za ibada, wakaketi sebuleni kungoja waambiwe waende wapi. Tukaanza kutembea kando ya mto Humber, au kwenda Centennial Park, na baridi ilipozidi tukahamia maktaba ya Albion, ambayo jengo lake jipya lilifunguliwa mwaka 2017 na lina joto la kutosha.

Kilichonishtua ni ukimya kati yangu na mume wangu. Miaka yote ya ndoa tulizungumza habari za kundi: nani ameonywa, nani ameposwa, mchango wa ujenzi umefika wapi. Tulipoyaondoa hayo tulibakiwa na kodi ya nyumba na zamu za kazi, mimi nikiwatunza wazee usiku, yeye akiendesha lori la mizigo. Ikabidi tujuane upya. Kumbe mume wangu ni shabiki wa timu ya soka ya AFC Leopards tangu utotoni, na miaka yote hiyo alikuwa akichukua matokeo kwa kinyozi. Nilimzalia watoto watatu bila kulijua hilo.

2. Kutofautiana bila mwamuzi ni kazi ya kujifunza

Zamani jambo likitushinda lilipelekwa kwa mzee wa kundi. Nikubali kazi ya usiku? Mtoto acheze mpira na wenzake wa shule? Mzee akishasema, hakuna kati yetu aliyeshinda wala aliyeshindwa, sote tumeambiwa. Walio nje hudhani amri za namna hiyo huumiza tu. Zilikuwa pia zinatupunguzia kazi nzito kuliko zote za ndoa: kumwambia mwenzako usoni kwamba hukubaliani naye, kisha mkala chakula cha jioni pamoja.

Siku hiyo ilifika kwa njia ya karatasi. Binti yetu mkubwa alileta fomu ya ruhusa kutoka shuleni; darasa lao lingekwenda kambini na kulala huko. Fomu irudi Ijumaa. Mimi nilitaka aende, baba yake hakutaka, na hakusema kwa nini. Tukanuniana. Kisha akanitajia aya, nami nikamjibu kwa aya, maana zote tunazijua kwa moyo. Tulikuwa tumeliacha kundi lakini tunagombana kwa maneno yake, na yeyote angetusikia kupitia ukutani angesema wale wamo bado.

Binti alikuwa mlangoni. Akamwuliza baba yake, “Kwani baba, wewe unaogopa nini?”

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza mume wangu swali hilo. Katika kundi mwanamume alikuwa ama mtiifu ama mkaidi. Hofu haikuwa na nafasi. Alikaa kidogo, akasema kambi iko ziwani na mtoto hajui kuogelea. Basi. Ugomvi wote ule, na aya zote zile, ulihusu maji. Tulimwandikia mwalimu, akatueleza jinsi wanavyowasimamia watoto na kuwavika maboya, binti akaenda. Baadaye tuliwaandikisha wote watatu mafunzo ya kuogelea kwenye bwawa la jiji.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu aya haziingii kwenye ugomvi. Sema unachokitaka au unachokiogopa, kwa maneno yako mwenyewe. Ni sharti gumu kwa watu waliofundishwa kwamba maneno yao wenyewe hayana uzito. Mume wangu hulivunja zaidi kuliko mimi, ingawa ukimwuliza yeye atakupa hesabu tofauti.

3. Anza na sikukuu isiyo na mzigo

Wengi wakitoka hukimbilia keki ya siku ya kuzaliwa. Sisi tulijaribu, na kitinda mimba wetu alilia, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kwamba mishumaa ile huita mapepo. Tukaiweka kando. Sikukuu iliyotufaa ni Family Day, Jumatatu ya tatu ya Februari, ambayo Ontario imekuwa nayo tangu 2008. Haina nabii wala wimbo wake, na hakuna anayekuuliza unaamini nini. Nje ni barafu, shule imefungwa, mnakaa ndani mnapika chapati. Kwa familia inayotoka mahali kama petu naipendekeza kuliko Krismasi. Keki ilifuata baadaye, pole pole, mtoto mwenyewe alipoitaka.

4. Usikimbilie kundi lingine

Mtaa wa Rexdale, huko huko Etobicoke, una makanisa mengi, mengine ndani ya maghala na karakana za zamani, na habari kwamba umetoka mahali husambaa. Tulialikwa kila upande. Sina neno baya juu ya waliotualika, lakini nilijijua: nilikuwa na kiu ya kuambiwa la kufanya, na mwenye kiu hachunguzi maji. Tukakubaliana mwaka mzima tusijiunge na chochote, hata kwaya.

Aliyetusaidia mwaka ule alikuwa bibi mmoja Msomali, mkaazi wa maghorofa ya Dixon Road, ambako Wasomali ni wengi hata mtaa huitwa Mogadishu Ndogo. Aliishi Eastleigh miaka mingi na Kiswahili chake ni cha Nairobi hasa. Alinifundisha sambusa zake, akawalinda wanangu nilipokuwa na zamu, na hajawahi kuniuliza ninaswali wapi.

5. Mzazi aliyebaki kundini bado ni mzazi

Hapa ndipo penye mambo. Mama mkwe anaishi nasi kwa Super Visa, ile viza ya wazazi na mababu iliyoanzishwa Desemba 2011. Tangu Julai 2022 mzazi anaweza kukaa hadi miaka mitano kwa mkupuo. Mtoto anayemwalika huonyesha kipato cha kutosha, na mzazi huwa na bima ya afya isiyopungua dola 100,000, kwa sababu matibabu ya bure ya mkoa hayamhusu. Tulijaza fomu zile tukiwa waumini. Alipotua Pearson tulikuwa tumekwisha kutoka.

Kwa taratibu za kundi hapaswi kula meza moja na sisi. Kwa taratibu za Kanada hana kwingine pa kulala. Akatafuta njia yake: anakaa mezani, lakini kiti anakigeuza kidogo kuelekea dirishani. Chakula anakisifu akiwa ameangalia nje. Jumapili gari la kundi humfuata chini ya jengo, na dereva wake, aliyesimama upande wetu siku ya harusi, huwa ghafla na shughuli kwenye simu nikitokea.

Mara ya kwanza nilipomsikia alfajiri akituombea kwa sauti, akitutaja majina mmoja mmoja kama watu waliokwisha kufa, nilitetemeka. Nilikuwa nimetoka kazini, nataka kulala. Mkaza mwana hamwendei mama mkwe na neno la namna hiyo, kwa hiyo nilimpitishia mwanawe, naye akachukua muda wake mpaka akapata saa nzuri.

“Mama,” alimwambia, “kuomba uombe. Ila watoto usiwaambie kwamba mama yao ataungua.”

“Mwanangu,” akajibu, “nikinyamaza si nitakuwa nimewaua?”

Jibu hilo lilinifundisha kuliko mengi niliyosoma. Hofu yake na ya mume wangu juu ya ziwa ni hofu moja. Tukaelewana hivi: anaomba mlango ukiwa umefungwa, watoto hawatishwi, na hadithi za Biblia anawasimulia akitaka, mradi wanaweza kuuliza maswali. Anawafundisha pia Kidawida, lugha ya kwetu, ambayo mimi nilikuwa nimeanza kuisahau. Kuhusu kiti, hatukusema kitu. Kiti ni chake.

6. Usitegemee mahakama ikurudishie ndugu

Mwenzangu mmoja kazini, aliyetoka kundi jingine huku mkewe akibaki, aliwahi kuniuliza kama sheria ya Kanada inaweza kuwalazimisha wazee wa dini wamrudishe mtu, au angalau waruhusu jamaa kusema naye. Kesi inayotajwa zaidi ni ya Mashahidi wa Yehova (kundi letu halikuwa hilo). Randy Wall, dalali wa nyumba wa Calgary, alitengwa na kutaniko lake la Highwood. Kabla yake binti yake wa miaka 15 alikuwa ametengwa, na nyumba ilikuwa katika msukosuko. Alilalamika kwamba utaratibu haukuwa wa haki, na kwamba biashara ilimponyoka kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa waumini wenzake. Tarehe 31 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitoa uamuzi kwa kauli moja, ukiandikwa na Jaji Malcolm Rowe: mahakama haina mamlaka ya kuamua nani awe mshiriki wa chama cha hiari pasipo na haki ya kisheria iliyoguswa. Mwaka 2024 Mashahidi wenyewe walilegeza kidogo, wakasema aliyeondolewa anaweza kusalimiwa kwa ufupi akihudhuria mikutano yao. Salamu fupi ile ilitoka kwao, haikutoka kwa jaji.

Kwa wazazi waliotengana hali ni nyingine. Sheria ya Talaka kama ilivyorekebishwa, ikaanza kutumika 1 Machi 2021, inataja dini miongoni mwa mambo ya mtoto yanayoweza kuamuliwa na mahakama. Hata hivyo, tangu kesi ya Young dhidi ya Young ya mwaka 1993, ambamo baba Shahidi aliondolewa katazo la kuzungumza na wanawe juu ya imani yake, majaji hutazama maslahi bora ya mtoto. Anayetaka jaji amfunge mdomo mzazi mwenzake aanze kwa kumwona wakili, na ajiandae kusikia hapana. Mwenzangu alimwona. Sasa yeye na mkewe wanapeana watoto kwenye maegesho ya duka, kwa adabu.

7. Salamu hazipokelewi, M-Pesa inapokelewa

Mama yangu hajibu ujumbe wangu. Karo ya mdogo wangu nikiituma inafika, na risiti ya simu ndiyo inayonijulisha kwamba wazima. Nilikasirika, nikaacha kukasirika. Mdogo wangu anasoma.

Aliyenipigia ni shangazi, dada ya baba, ambaye hakuwahi kuwa mwumini na ambaye tulikatazwa kumjua. Ilikuwa Aprili 2023, habari za msitu wa Shakahola zilipoanza kutoka. Miili iliyofukuliwa kule Kilifi ilipita 400 mwishowe, wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, wengi wao waliofunga kula hadi kufa, watoto wakiwa wengi. “Na nyinyi je, mwanangu?” akauliza. “Mnakula?” Nilicheka, kisha nikalia. Kundi letu halijawahi kumnyima mtu chakula, na sipendi watu wanaoyatia makundi yote gunia moja. Lakini shangazi alikuwa na swali lake tangu nilipokuwa mtoto, akakosa njia ya kuuliza. Sasa hunipigia kila mwezi na kunisomea orodha ya waliooa, waliozaa na waliofariki upande wa baba, ukoo mzima niliokuwa nao bila kujua.

8. Watoto watachagua, na huenda wasichague unachotaka

Mwezi uliopita binti yetu mkubwa alisema anataka kwenda Jumapili na bibi yake. Anataka kuona. Mama mkwe aligeuza kiti chake mezani kikatazama wote. Mimi na mume wangu tulifunga mlango wa chumba tukazungumza mpaka saa ya zamu yangu ikafika, na safari hii mimi ndiye niliyeulizwa ninaogopa nini. Nilisema: ninaogopa atapapenda.

Akaenda, simu mfukoni, akarudi kabla ya chakula cha mchana. Alisema nyimbo ni nzuri, mahubiri ni marefu, na dereva alimwuliza habari za mama yake. Anataka kurudi. Jumapili hii ana mashindano ya kuogelea, kwa hiyo tuna wiki moja ya kubishana.