Leseni ya Mtaalamu wa Lishe: Nani Aruhusiwe Kumpangia Mgonjwa Chakula?

Watu wengi hukubali pasipo ubishi kwamba daktari, mkunga na mfamasia sharti wawe na leseni. Lakini wasikiapo kwamba katika nchi kadhaa hata mshauri wa chakula hutakiwa kuandikishwa kisheria, hushangaa. Chakula hupikwa na kila mtu. Bibi na mashangazi wamekuwa wakishauri tangu kale, na mara nyingi wameshauri vyema. Kwa nini basi serikali iingie jikoni? Jibu la swali hili linaanzia katika damu, kabla ya kufika katika sheria.

Tuseme mtu anakula ndizi, parachichi, viazi na maharage. Kwa mwenye afya hivi ni vyakula bora, na sehemu ya ubora wake ni madini ya potasiamu. Figo zilizo nzima huitoa potasiamu iliyozidi kwa njia ya mkojo, hata kiwango chake katika damu kikabaki baina ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita. Figo zikidhoofika sana, potasiamu hurundikana. Nayo mapigo ya moyo hutegemea tofauti iliyopo baina ya potasiamu ya ndani ya seli na ile ya nje yake. Tofauti hiyo ikivurugika, moyo hupiga ovyo na waweza kusimama. Mgonjwa wa namna hii akiambiwa ale matunda kwa wingi, au aache chumvi ya kawaida na kutumia chumvi mbadala, ambayo mara nyingi ina kloridi ya potasiamu, ushauri huo uliotolewa kwa nia njema waweza kumwua. Mtaalamu aliyefunzwa humpimia kiasi. Tena humwelekeza avikate viazi vipande vidogo, avichemshe katika maji mengi, kisha ayamwage maji hayo. Yaani afanye lile lile ambalo katika somo la upishi huhesabiwa kuwa upotevu wa virutubishi.

Mfano wa pili ni wa ajabu zaidi: mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu aweza kufa kwa kulishwa. Jambo hili lilionekana mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, miongoni mwa wafungwa waliokombolewa wakiwa wamekonda mno. Wanga unapoingia mwilini ghafla, insulini hupanda na kuifanya fosfeti, potasiamu na magnesi zitoke katika damu na kuingia ndani ya seli. Damu hupungukiwa, na moyo hushindwa kufanya kazi. Ndiyo sababu mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 tu kwa mililita 100, akinyweshwa kidogo kidogo kabla ya kupewa chakula chenye nguvu zaidi.

Kwa hiyo suala si kama chakula ni kitu cha kawaida, bali ni nani anayekula. Hapo ndipo sheria inapopata nafasi, nayo yaweza kufuata mojawapo ya njia mbili: kulinda jina la kazi, au kulinda kazi yenyewe.

Uingereza imefuata zaidi njia ya kwanza. Wataalamu wa lishe ya wagonjwa waliingizwa katika sheria ya mwaka 1960 ya kada zinazosaidia udaktari, na hadi leo asiyeandikishwa hawezi kujiita kwa jina hilo. Lakini jina la mshauri wa lishe kwa jumla halikulindwa. Yeyote aweza kulibandika mlangoni pake. Udhaifu wa vyeti visivyo na sheria nyuma yake ulidhihirishwa na daktari Mwingereza Ben Goldacre, aliyelipa ada na kupata uanachama wa chama kimoja cha washauri wa lishe cha Marekani kwa jina la paka wake. Paka huyo alikuwa amekwisha kufa.

Kenya haikuuacha mlango huo wazi. Sheria Na. 18 ya mwaka 2007 ilianzisha taasisi ya kusimamia mafunzo, uandikishaji na utoaji wa leseni, nayo inawahusu wote wawili: mtaalamu wa lishe kwa jumla na yule wa lishe ya wagonjwa.

Kulinda kazi yenyewe kuna ugumu wake, kwa maana maongezi ya chakula hayana mwisho. Katika jimbo la Florida, Marekani, mwanamke mmoja aliyekuwa akitoa ushauri wa lishe kwa malipo bila leseni alitozwa faini. Alidai kwamba kuzungumza ni haki yake ya kikatiba. Mwaka 2022 mahakama ya rufani ya shirikisho iliamua kwamba sheria ile inasimamia kazi, na kwamba maneno yaliguswa tu kwa kuwa ndiyo chombo cha kazi hiyo. Hata hivyo, mwaka 2020 bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kuilegeza sheria hiyo, wasio na leseni waweze kuwashauri watu wasio chini ya matibabu. Mpaka huo una busara, ingawa si rahisi kuulinda: wengi wenye figo mbovu hawajui kwamba ni wagonjwa.

Zoezi. Muuza duka anamwambia mteja mwenye kisukari, anayejidunga insulini, aache kabisa kula wanga kwa wiki moja. Elezeni jambo litakaloweza kutokea katika damu yake endapo hatapunguza dawa. Kisha mjadiliane kama sheria ya kulinda jina peke yake ingemzuia muuza duka huyo.