Chakula kikavu cha paka kisicho na nafaka: kununua Kirewa bila kuumia mfukoni

Kirewa, wilayani Tororo, Uganda, paka wengi wamewekwa kulinda ghala. Hukamata panya wa mahindi na mtama, jioni hurushiwa posho (ugali) iliyolowa mchuzi wa mukene (dagaa), basi. Anayetaka kumlisha wake chakula kikavu cha mfuko, tena kisicho na nafaka, huponzwa na jambo moja: hulipia maandishi ya mbele ya mfuko, wakati habari yenyewe iko nyuma.

Hatua ya 1: Jua unachokikimbia. Paka ni mla nyama, lakini wanga uliopikwa vizuri humeng'enywa tumboni mwake, kwa hiyo mahindi kidogo si sumu. Hata mzio wa nafaka ni nadra. Paka mwenye mzio wa chakula mara nyingi huwashwa na nyama ya ng'ombe, samaki au kuku. Ubaya wa nafaka ni kwamba ni rahisi kujazia mfuko mahali pa nyama, na zikihifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu. Watu wa mpakani hawahitaji kuelezwa sumukuvu ni nini: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti.

Hatua ya 2: Geuza mfuko, piga hesabu. Kiambato cha kwanza kiwe nyama, kuku, samaki au unga wake. Ukikuta njegere, dengu, viazi na muhogo vimepangana juu, ujue nafaka imetoka na wanga umebaki. Kiasi cha wanga mara nyingi hakiandikwi, lakini unaweza kukipata mwenyewe. Jumlisha protini, mafuta, maji, nyuzi na majivu, kisha toa kwenye 100. Mfuko wenye protini 32, mafuta 12, maji 10, nyuzi 4 na majivu 8 unafika 66, kwa hiyo wanga ni kama asilimia 34. Majivu yasipoandikwa, weka 7 au 8. Fanya hivyo kwa mifuko miwili, mmoja wa nafaka na mmoja usio na nafaka. Usishangae ukikuta wanga wao unakaribiana huku bei zikiachana mbali. Hapo mimi nachukua wenye nyama nyingi, nafaka iwemo isiwemo. Kwa paka mzima usishuke chini ya protini 30; kwa mtoto au jike anayenyonyesha, panda zaidi.

Hatua ya 3: Tafuta taurini. Hapa hakuna kujadiliana. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha. Akiikosa kwa muda mrefu huharibika macho, na mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa hata moyo hudhoofika. Chakula cha mbwa hakilazimiki kuwa nayo, hivyo usidanganyike na urahisi wake. Angalia pia neno complete kwenye mfuko, maana yake chakula hicho kinajitosheleza. Ukiona complementary, hicho ni cha nyongeza tu.

Hatua ya 4: Linganisha bei ya siku, si ya mfuko. Ukiulizia Tororo, kisha Malaba au Busia upande wa Kenya, geuza bei zote ziwe sarafu moja, kwa kiwango atakachokupa mbadilishaji fedha pale mpakani, si kile cha redioni. Paka wa kilo 4 hula takribani gramu 55 hadi 70 kwa siku. Kipimo chenyewe kiko nyuma ya mfuko. Tuseme kilo moja ni shilingi 10,000 za Uganda na paka anahitaji gramu 70: hiyo ni 700 kwa siku. Kingine ni 12,000 lakini gramu 55 zinamtosha: 660. Cha bei kubwa kimekuwa nafuu. Ongeza nauli ya boda.

Hatua ya 5: Kagua duka. Chakula cha kupima, kinachochotwa kwenye gunia lililo wazi, huvutia kwa bei, lakini tarehe huioni na mafuta yake huchacha. Ukinunua hivyo, omba uone gunia lenyewe, kisha nusa. Harufu ya mafuta yaliyokaa, achana nacho. Nyumbani kiache ndani ya mfuko wake, uufunge, uutie kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na bati lenye joto. Na usiweke ndoo hiyo karibu na sumu ya panya.

Hatua ya 6: Punguza gharama kwa mukene. Omena, dagaa, mukene, ni yule yule. Mchague asiyetiwa chumvi. Aliyeanikwa chini hubeba mchanga: mloweke, msugue kwa vidole, mwaga maji, rudia mpaka chini ya sufuria kusisikike mikwaruzo. Mchemshe bila kitunguu wala kitunguu saumu, vyote huharibu damu ya paka. Asizidi sehemu moja kwa kumi ya mlo wa siku, kwani mukene peke yake hajitoshelezi.

Hatua ya 7: Badilisha polepole. Siku 7 hadi 10, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani. Usimshindishe njaa ili akubali. Paka akikosa kula siku mbili tatu, hasa mnene, ini lake linaweza kudhurika. Chakula kikavu kina maji machache, kwa hiyo bakuli la maji safi likae mahali pake, mbali na la chakula. Dume akionekana anajikamua na mkojo hautoki, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usisubiri kuche.