Kabla Hujatuma Hela ya "Kuingizwa Google", Soma Hapa Kwanza

Somo la leo ni la wale ambao wametuma hela nyumbani mpaka wakafungua kitu: gesti, saluni, gereji, duka la vifaa vya ujenzi, vyumba vya kupangisha. Biashara iko kule, wewe uko huku. Halafu siku moja inaingia meseji ya sauti: "Dada, jamaa wa mtandao wanataka hela ili gesti yetu iingizwe Google. Tusipolipa watatufuta."

Msomaji wetu mmoja, dada anayefanya kazi za ndani Muscat, alipata meseji kama hiyo. Ana gesti ya vyumba vinne Pangani. Akatuma riyali 90, mshahara wake wa mwezi mzima. Mwaka uliofuata akaombwa tena, akatuma tena. Alikuja kushtuka alipoenda likizo: jirani yake, mwenye gesti ndogo na asiye na tovuti kabisa, anaonekana kwenye ramani ya Google na hajalipa hata senti. Akatuuliza: "Sasa mimi nilikuwa nalipia nini?"

Jibu linauma. Alikuwa analipia kitu ambacho hakiuzwi.

1. Kuingia ni bure

Google wana programu inayozunguka kwenye tovuti za dunia nzima, inafuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kuweka kumbukumbu ya kurasa nyingi inazozikuta. Hakuna ada hapo. Google wenyewe wanasema wazi kwamba hawapokei malipo ili kuiweka tovuti kwenye majibu ya kawaida, wala ili kuipandisha juu. Kwa Bing pia, kupeleka anwani ya tovuti yako ni bure.

Wazo la kulipia halikutoka hewani. Zamani lilikuwepo kweli. Yahoo walikuwa na orodha yao ya tovuti, na biashara ilitozwa dola 299 kwa mwaka. Ukikataliwa, hela hairudi. Orodha ile ilifungwa mwaka 2014. Kwa hiyo anayekuuzia "usajili wa Google" leo anakuuzia tiketi ya basi lililokwisha kuondoka.

Unataka kujua kama tovuti yako imo? Fungua Google, andika site: halafu jina la tovuti yako, bila kuacha nafasi katikati. Kurasa zako zikitokea, umo. Zisipotokea, mwambie fundi wako aitumie Search Console, chombo cha Google ambacho nacho ni bure.

2. Ramani ni bure, lakini shika funguo mwenyewe

Kwa biashara ndogo, ramani mara nyingi inasaidia kuliko tovuti. Mgeni akishuka stendi anaandika "gesti karibu nami", anaona jina, picha na namba ya simu, anapiga. Ukurasa huo wa biashara unafunguliwa kwa akaunti ya kawaida ya Gmail.

Fungua kwa Gmail yako wewe uliye huku, ili uwe mmiliki. Kisha muongeze mdogo wako au shemeji aliyeko nyumbani kama msimamizi. Google watataka kuhakikisha kwamba biashara ipo kweli. Mara nyingi wanaomba video inayoonyesha mtaa, kibao cha biashara na ndani yake, na hiyo atairekodi aliyeko pale. Njia nyingine ni namba za siri zinazotumwa kwa simu. Namba hizo usimpe mtu yeyote anayekupigia, hata akijiita "Google". Ukimpa, anaweza kuuchukua ukurasa wako, halafu akuuzie tena kilicho chako.

3. Kinacholipiwa ni tangazo

Yale majibu ya juu yenye neno Sponsored ni matangazo. Hapo ndipo Google wanapopata hela. Kwa kawaida unalipa mtu anapobonyeza tangazo lako, siyo kwa kuliangalia tu. Bei inatokana na mnada kati yako na wengine wanaolitaka neno hilo hilo, na bajeti ya siku unaipanga mwenyewe. Kuna siku Google wanaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti hiyo, ila kwa mwezi hawazidi bajeti ya siku mara 30.4.

Tupige hesabu ya mfano. Kubonyeza mara moja ni shilingi 300. Watu 100 wakibonyeza, umetumia 30,000. Watano wakapiga simu, wawili wakalala usiku mmoja mmoja, chumba ni 35,000. Umeingiza 70,000, na bado hujatoa umeme, maji na msichana wa usafi. Kama wamekuja wawili, sawa. Kama hajaja hata mmoja, hela imekwenda. Na ukiacha kulipa, tangazo linatoweka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo anza na kidogo, chagua mji wako tu, na baada ya wiki mbili hesabu waliolala, siyo waliobonyeza.

4. Gharama halali

Jina la tovuti, kama lile linaloishia na .co.tz au .co.ke, linalipiwa kila mwaka. Nafasi ya kuihifadhi tovuti nayo inalipiwa. Fundi akikupigia picha nzuri na kuandika kurasa, mlipe jasho lake. Ila jina la tovuti liandikishwe kwa jina lako, siyo la fundi. Na fundi akikuahidi "namba moja Google, uhakika", muage kwa amani. Hakuna mtu mwenye uwezo wa kuahidi hilo.

5. Maswali manne kabla ya kutuma

Hela hii ni ya jina la tovuti, ya kuhifadhi, ya tangazo, au ya kazi ya fundi? Kama siyo hata moja kati ya hizo, usitume.
Risiti imetoka kwa nani?
Akaunti iko kwa Gmail ya nani?
Nisipolipa mwezi ujao, nini hasa kitazimika?

Yule dada wa Muscat sasa ukurasa wa ramani anaushika mwenyewe kwenye simu yake. Video alirekodi mpwa wake. Riyali 90 za mwaka huu amenunulia magodoro mawili na neti.

Zoezi la leo, ukishamaliza kazi usiku: tafuta biashara yako kwenye ramani. Kama haipo, ifungue. Kama ipo, uliza nyumbani funguo anazo nani.